MITA MOJA NA NUSU: JINSI YA KUWA WENGI BILA KUSONGANA



Wewe wa Timau unayeleta viazi, na wewe wa Imenti unayeleta ndizi. Wewe wa Mwea unayeleta nyanya, na wewe wa Mbeere unayeleta maembe na muguka: nyote mna jambo moja. Baada ya kazi yote ya shamba, sharti mpite langoni. Ni lango la soko, au la kituo cha majani ya chai, au la kiwanda cha kahawa, au la ghala la mbolea. Hapo langoni mnakuta watu wengine wengi waliokuja kwa shauri lile lile, na kila mmoja anataka kuingia kwanza.

Mwezi huu tutazungumza juu ya lango hilo. Mkulima hutumia miezi mingi kujifunza nafasi ya mbegu na mbegu, lakini ni wachache wanaofikiri juu ya nafasi ya mtu na mtu. Nafasi hiyo huleta faida au hasara, na pengine huamua nani atarudi nyumbani mzima.

SOMO LA MWAKA WA 2020

Mnakumbuka tarehe 13 Machi, 2020, Serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya. Siku chache baadaye shule zilifungwa na mikutano ikakatazwa. Kuanzia tarehe 27 Machi watu wote walitakiwa wawe nyumbani tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya viti 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8 tu, na nauli ikapanda. Kaunti nyingi zilifunga masoko ya wazi kwa muda. Wakulima wa miraa wa Igembe na Tigania walipata pigo jingine, maana ndege za Somalia zilisimama mwezi huo huo, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi Julai 2022.

Amri iliyosikiwa zaidi ilikuwa hii: kaeni mbali, mita 1.5 kati ya mtu na mtu. Waingereza waliambiwa mita 2. Wamarekani waliambiwa futi 6, yaani mita 1.8 hivi. Shirika la Afya la Dunia lilisema isipungue mita 1. Sababu ilikuwa moja kila mahali. Mtu akikohoa, akisema kwa sauti au akiimba, matone madogo hutoka kinywani. Yale mazito huanguka karibu naye, na mwenye kusimama mbali hupata machache. Yale mepesi sana huelea hewani, hasa ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Kwa hiyo madirisha yaliyofunguliwa na soko la nje yalisaidia pia.

Amri hizo zimekwisha. Saa za kutotoka nje ziliondolewa tarehe 20 Oktoba, 2021, na lazima ya kuvaa barakoa iliondolewa Machi 2022. Lakini yale tuliyoyaona wakati ule juu ya mwendo wa watu yangali kweli hata leo, na yafaa tuyaweke akilini kama tuwekavyo mbegu nzuri ya msimu ujao.

MTU NI KAMA MTI WA KAHAWA

Mkulima wa Meru au Embu hahitaji kufundishwa maana ya nafasi. Wilaya hizi mbili zilikuwa miongoni mwa za kwanza katika Kenya ambapo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Tangu zamani wengi wetu tumepima futi 9 kwa futi 9, yaani mita 2.74 kila upande, na ekari moja ikachukua miti 540 hivi. Aliyeona hiyo ni hasara akapanda miti iliyobanana, alikuja kuona matawi yakigombania mwanga na ugonjwa ukiruka kutoka jani hata jani.

Sasa tupime watu vivyo hivyo. Watu wakisimama mita 1.5 kila upande, mtu mmoja huhitaji mita za mraba 2.25. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo kila mtu aijua. Ploti hiyo ikiwa tupu, itachukua watu 200 na kidogo. Ukiweka meza, magunia na mikokoteni, watapungua sana. Lakini ploti hiyo hiyo, watu wakibanana wanne katika kila mita ya mraba, huingiza zaidi ya 1,800. Basi unaweza kuona kwa nini soko lililoonekana kubwa miaka yote lilionekana dogo ghafula mwaka wa 2020. Ukubwa wa soko haukubadilika. Sisi ndio tulikuwa tumezoea kusimama juu ya miguu ya wenzetu.

Njia nayo ni hivyo. Tuseme njia kati ya meza na meza ina upana wa mita 2. Mnunuzi akisimama upande huu anachukua nusu mita, na wa upande ule nusu mita. Imebaki mita 1. Mama mwenye kiondo mgongoni hawezi kupishana na mwenye mkokoteni, na mmoja akisimama kuuliza bei, wote walio nyuma yake husimama. Dawa yake si kugomba. Panga meza zisitazamane, ili mnunuzi wa upande mmoja awe mkabala na nafasi tupu ya upande wa pili. Au afadhali zaidi, fanya njia iwe ya kwenda upande mmoja tu: watu waingie kwa lango hili, wazunguke, watoke kwa lango lile. Watu wakielekea upande mmoja, hawapigani vikumbo.

FOLENI NDEFU SIYO FOLENI YA POLEPOLE

Hapa ndipo watu wengi walipokosea, na wangali wanakosea. Wakiona mstari mrefu husema, "Leo tutalala hapa!" Mara husogea mbele, kifua kwa mgongo, wakidhani wameikaribia zamu yao.

Hebu tufanye hesabu. Wakulima 60 wamefika kituoni na majani ya chai. Karani anahitaji dakika 1 kwa kila mmoja: kupima, kuandika, kutoa risiti. Wakisongana nusu mita kwa nusu mita, mstari una urefu wa mita 30. Wakiachana mita 1.5, mstari una urefu wa mita 90. Je, mtu wa mwisho atapimiwa lini? Katika mstari mfupi ni baada ya saa moja. Katika mstari mrefu pia ni baada ya saa moja. Mizani haijui urefu wa mstari. Yajua dakika ya karani tu. Kusukuma hakumpi karani mkono wa tatu.

Kwa nini basi watu husongana? Si kwa ujinga. Husongana kwa hofu. Mtu aogopa kwamba akiacha nafasi mbele yake, mwingine ataingia. Aogopa kwamba mbolea itakwisha kabla hajafika. Ondoa hofu hiyo, na watu watasimama vizuri bila kiboko wala kelele.

Wazee wetu wa kike wajua dawa ya hofu hii zamani. Nenda kwenye bomba la maji wakati wa kiangazi uone: mitungi imepangwa mstari mmoja, na wenyewe wamekaa kivulini wakisuka viondo. Mtungi umeshika mahali pa mwenyewe, wala hakuna anayethubutu kuuruka. Kwa nini tusifanye hivyo kituoni? Toa namba. Kipande cha karatasi chenye namba chatosha. Walioshika namba 1 mpaka 10 wasimame kwenye mstari, na wengine wakae kivulini mpaka waitwe kumi kumi. Mzee hatasimama juani, mama mwenye mtoto atapumzika, na karani hatafunikwa na watu.

Katika mwaka wa 2022 na 2023 Serikali ilipouza mbolea ya bei nafuu katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, kwanza kwa shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na baadaye kwa shilingi 2,500, mahali pengi wakulima walipanga foleni ndefu. Waliosajiliwa walipata ujumbe kwa simu. Ujumbe kama huo ni namba ya kisasa: unaposema nani aje lini na wapi, na watu wakaufuata, unavunja msongamano kabla haujazaliwa.

LANGO NA JOSHO

Mwenye ng'ombe na atazame josho. Kwanza kuna boma pana la kusubiri, kisha kijia chembamba ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja mpaka kwenye dawa. Ukiwasukuma wote waingie kijia mara moja, wawili hukwama mabegani, wa nyuma hupanda mgongoni mwa wa mbele, na ndama huvunjika mguu. Mchungaji mwenye akili hawapigi walio nyuma; huwazuia, ili wa mbele wapate kupita.

Watu ni vivyo hivyo. Mtu mwenye nafasi mbele yake hutembea karibu mita 80 kwa dakika. Mlango wa upana wa mita 1 waweza kupitisha watu karibu 80 kwa dakika, wakienda kwa mwendo mwema. Lakini wakisukumana, mabega hukutana mlangoni kama magunzi ya mahindi katika mdomo wa gunia. Unatikisa, unasukuma, wala hakuna kinachotoka. Wataalamu wa mwendo wa watu wameliona jambo hili katika nchi nyingi: penye mlango mwembamba, mwenye haraka sana huchelewa, na huchelewesha na wenzake.

Mwaka wa 2020 tuliweka mabomba ya kunawia mikono milangoni. Lilikuwa jambo jema, lakini mara nyingi bomba lilikuwa moja tu. Kunawa vizuri ni sekunde 20. Ongeza kusogea, kupata sabuni na kuondoka, utapata nusu dakika. Bomba moja basi hupitisha watu 120 kwa saa. Wakija watu 300 kwa saa, bomba moja litaleta kundi kubwa mbele ya mlango, na watu watasongana wakingojea kitu kilichowekwa kuwakinga. Kwa watu 300 sharti mabomba yawe 3, nayo yawekwe kando ya njia, si mlangoni penyewe. Kumbuka hesabu hii, maana kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo hayakuondoka pamoja na Korona, na mabomba ya sokoni yangali yanatakiwa.

UKIFUPISHA SAA, UMEZIDISHA WATU

Tarehe 27 Machi, 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, jambo kubwa lilitokea katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Wafanyakazi wengi walifika kivukoni wakati mmoja, kila mmoja akitaka kuvuka kabla ya saa moja. Umati ukajaa, polisi wakatumia mabomu ya machozi, watu wakakimbia na kuangukiana. Amri iliyotolewa ili watu wasikaribiane iliwaleta pamoja kifua kwa kifua. Tarehe 10 Aprili, huko Kibera, Nairobi, watu waliokuja kupokea chakula cha msaada walisukumana langoni mwa ofisi ya serikali, na wengi wakaumia.

Twajifunza nini? Watu 600 wakihudumiwa kwa saa 6, ni 100 kila saa. Watu hao hao wakipewa saa 2 tu, ni 300 kila saa. Hukuongeza mtu hata mmoja, lakini umeongeza msongamano mara tatu. Kwa hiyo kamati ya soko au ya kiwanda ikitaka kupunguza watu, isikimbilie kufupisha saa. Afadhali ifungue mapema na kugawa zamu: kijiji hiki saa mbili, kijiji kile saa nne.

Na chakula au mbolea inapogawiwa, watu waambiwe mapema kiasi kilichopo. "Ipo mifuko 200, tumetoa namba 200." Aliyekosa namba atasikitika, lakini atakwenda zake salama. Asiyejua kitu ndiye anayesukuma.

MSONGAMANO HUUA

Pengine utasema, "Sisi ni wakulima, tumezoea kusongana, tutapata nini zaidi ya kukanyagwa vidole?" Ndugu, sikiliza. Tarehe 1 Februari, 2020, mjini Moshi, Tanzania, watu 20 walikufa katika mkutano wa dini walipokimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa. Tarehe 3 Februari, katika shule ya msingi mjini Kakamega, watoto zaidi ya 10 walikufa kwenye ngazi walipokuwa wakitoka darasani jioni. Tarehe 20 Oktoba, 2023, mjini Kericho, watu 4 walikufa alfajiri kwenye uwanja wa michezo waliokuja kusherehekea Siku ya Mashujaa. Waliokufa hawakuwa wakipigana. Walikuwa wakienda mahali, kama wewe uendavyo sokoni.

Yafaa ujue jinsi inavyotokea. Watu wanne katika mita moja ya mraba huweza kusimama, lakini kutembea ni taabu. Wakifika sita au zaidi, mtu hana amri tena juu ya miguu yake. Umati huwa kama maji ya mto: ukiyumba, wote wanayumba. Wengi wanaokufa hawafi kwa kukanyagwa. Hufa kwa kukosa pumzi, pengine wakiwa wamesimama, maana kifua kimebanwa na hakiwezi kupanuka. Na walio nyuma hawajui. Wanaona mstari hausogei, nao wanasukuma kidogo tu. Kidogo hicho, kikisukumwa na watu mia, huwa mzigo mkubwa kwa aliye mbele.

Ukijikuta katika umati wa namna hiyo, fanya hivi. Ondoka mapema, unapoona mikono yako haina nafasi ya kugeuka. Ikiwa umechelewa, inua mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua. Usishindane na umati uso kwa uso. Ngoja unapotulia, kisha usogee kwa upande mpaka ukingoni. Kitu kikianguka, kiache. Mtu akianguka, mwinueni mara moja. Mtoto asiachwe chini, abebwe. Na ukiwa nyuma, ukasikia mbele wanapiga kelele, usisonge mbele kutazama. Rudi nyuma hatua mbili, uwaambie na walio nyuma yako warudi. Hatua zako mbili zaweza kuwa pumzi ya mtu mwingine.

KAZI YA KAMATI

Sasa, ndugu mkulima, haya yote hayahitaji fedha nyingi. Kamati ya soko, ya kituo cha chai, ya kiwanda au ya josho yaweza kuyafanya kwa asubuhi moja.

1. Chukua kamba ya mita 15, kama ile ya kupandia. Funga fundo kila mita 1.5. Utapata mafundo 11. Ilaze chini kutoka mizani kwenda nyuma, na penye kila fundo weka jiwe lililopakwa chokaa. Alama iliyo chini hutiiwa kuliko sauti ya askari. Watu wa nyumba moja wasitenganishwe. Hao ni kama shina moja.

2. Fikiria mvua. Mstari mzuri huvunjika tone la kwanza likianguka, maana watu wote hukimbilia paa moja. Basi mstari upite chini ya paa au miti, au pawe na kibanda cha pili.

3. Lango la kuingia lisiwe la kutokea. Na lango la kutokea lisifungwe kwa kufuli wakati watu wamo ndani.

4. Mikokoteni na bodaboda ziwe na njia yao, mbali na waendao kwa miguu.

5. Mtu mmoja asimame nyuma ya mstari, si mbele tu. Kazi yake ni kuwaambia wanaofika: "Mbele kuna watu kadha, mtangoja saa kadha." Habari hiyo hutuliza kuliko fimbo.

6. Wazee, wajawazito na walemavu wapewe zamu yao. Hilo ni heshima tuliyofundishwa nyumbani.

Mwaka wa 2020 wengi wetu tuliona uchungu kuacha kumpa mzee mkono. Tulidhani kukaa mbali ni kudharau. Baadaye tukajifunza kwamba mtu aweza kuheshimiwa kwa mbali: kwa kumpungia, kwa kumpisha njiani, kwa kumwachia kivuli. Ugonjwa ulipopungua tukarudia kushikana mikono, na ni vizuri. Lakini kupishana njiani na kungoja zamu tusikuache pamoja na barakoa.

Ugonjwa mwingine ukija, na siku moja waweza kuja, watakaofungiwa soko kwanza ni wale wasioweza kulipanga. Ndizi hazingoji amri iondolewe. Huiva na kuoza. Lakini soko lenye mstari, lango la kuingia na lango la kutokea lina sababu nzuri ya kuomba libaki wazi.

Basi siku ya soko ijayo, fika na kamba yako. Pima kutoka mizani hadi ulipo mti wa kivuli. Kisha mwite mwenyekiti wa kamati aje aone mafundo ni mangapi.